SOMO: MTAZAMAJI NA YULE AANGUKAYE

Katika miaka ya 1990 kikundi cha mieleka kiitwacho ECW kilifanya maonyesho katika ukumbi wa bingo mjini Philadelphia, Marekani. Mshindi alipangwa mapema, lakini damu ilikuwa damu kweli. Watazamaji walileta hata vikaango kutoka nyumbani ili wapiganaji wapigane navyo.

Basi, tukienda kutazama mieleka ya namna hiyo, tusiseme, "Ni mchezo tu." Anayerushwa ameuweka mwili wake mikononi mwa mwenzake, na kelele zetu humfanya ajihatarishe zaidi. Tushangilie ustadi, tusidai maumivu.

Swali la kuzungumzia: Ni nani mwingine tunayemsukuma kwa makofi yetu hata akaumia?