Kabla Hujaandika "Caused"

Ipogolo iko chini ya mlima, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoupita mji wa Iringa bila kuupanda. Malori ya Zambia na Kongo yanapita hapo usiku na mchana, na penye malori hapakosi karatasi: hati za mzigo, fomu za bima, maelezo ya ajali ya kumtumia tajiri aliyeko Ndola au Lusaka. Nyingi zinataka Kiingereza. Dereva aliyemweleza trafiki tukio lote kwa Kiswahili kilichonyooka, akifika kwenye kisanduku cha "cause of accident" anaandika mstari mmoja unaomfunga mwenyewe.

Msamiati peke yake haumwokoi. Vitenzi vya Kiingereza vinavyoeleza chanzo na matokeo havilingani uzito. Kimoja kinambebesha mtu lawama yote, kingine kinamgawia sehemu, kingine hakimtaji kabisa. Anayesoma fomu hiyo, hasa wa kampuni ya bima, anasoma kitenzi kwanza.

Chukua mfano wa kubuni: lori limepinduka baada ya mvua. Ukiandika "The lorry overturned", hakuna aliyetajwa. Ukiandika "The driver overturned the lorry", kitenzi ni kilekile, ila dereva ameshika kosa mkononi. Sisi tumezoea kutofautisha mambo haya kwa umbo la kitenzi: pinduka na pindua, vunjika na vunja, simama na simamisha, chemka na chemsha. Kiingereza kina kundi kubwa la vitenzi visivyobadilika hata kidogo, kama "open", "break", "stop", "boil" na "overturn". Kinachoamua ni nani ametangulia kwenye sentensi. Basi kama kioo kilivunjika kwa jiwe lililoruka barabarani, usianze na "I". Andika "The windscreen broke" au, bora zaidi, "A stone broke the windscreen".

Kuna kundi jingine ambapo Kiingereza hakiongezi chochote mwishoni mwa kitenzi, kinaleta kitenzi kingine kabisa. Hapa ndipo wanafunzi wa sekondari wanapopoteza alama kila mwaka. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend", kwa hiyo "borrow me your pen" haipo. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach". Kuanguka ni "fall", kuangusha ni "drop", au "knock down" kama ni mtu aliyegongwa. Kula ni "eat", kulisha ni "feed". Maneno haya hayana kanuni ya kuyakisia, yanakaririwa mawili mawili. Mwalimu anayeyafundisha moja moja anampa mwanafunzi kiatu cha mguu mmoja.

Sasa "cause" chenyewe. Kinaonekana kitenzi cha kawaida, tafsiri ya "sababisha" na basi. Lakini mwaka 1995 mwanaisimu Michael Stubbs alichapisha uchambuzi wa maelfu ya mifano ya neno hilo katika Kiingereza halisi, akaonyesha kwamba mambo yanayofuata nyuma yake kwa sehemu kubwa ni mabaya: ajali, uharibifu, vifo, wasiwasi, usumbufu. Mzungumzaji wa Kiingereza hasemi "The new bridge caused development" bila msikilizaji kuhisi kuna kitu hakijakaa sawa. Kwa jambo jema atasema "brought", "led to" au "helped". "Sababisha" yetu nayo ina tabia hiyo, ingawa si kwa ukali huo. Ukiandika barua ya kuomba ufadhili wa kisima, usiseme kisima kita-"cause" afya njema.

Halafu kuna mwelekeo. "Result in" kinatoka kwenye chanzo kwenda kwenye matokeo: "Brake failure resulted in the accident". "Result from" kinarudi nyuma: "The accident resulted from brake failure". Ukibadilisha kihusishi umegeuza dunia, ajali ndiyo imeharibu breki. Na kitenzi hicho hakina kutendwa. "Was resulted" ni kosa, kama ilivyo "was happened" na "was occurred". Anayetaka umbo la kutendwa atumie "was caused by".

"Lead to" kinafaa pale ambapo kati ya chanzo na tokeo kuna hatua kadhaa. Mvua ilinyesha, barabara ikateleza, lori likaziba njia, magari yakalala barabarani: "The rain led to a long delay". Baada yake weka nomino au umbo la "-ing", kamwe si kitenzi kitupu. Magazeti yetu yameunda tafsiri yake, kama "mvua zilizopelekea mafuriko", na wahariri wakali wanaikata kila wakiiona. Niko upande wao.

Kitenzi ambacho ningependa kila dereva na kila mwongoza watalii akijue ni "contribute to". Kinasema kitu kilichangia, bila kusema ndicho pekee kilichofanya. "The wet road contributed to the accident" ni maelezo ya mtu mwangalifu. "The wet road caused the accident" ni hukumu, na anayeitoa atadaiwa ushahidi.

Waongoza watalii nimewataja kwa makusudi, maana Iringa ndiyo njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto Ruaha Mdogo unaopita Ipogolo unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu, na huo mkubwa, tangu 1993, umekuwa ukikatika kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mgeni akiona mchanga mahali pa maji atauliza kwa nini. Jibu lina historia ndefu. Juu kule Usangu, upande wa Mbeya, kuna mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa, kuna bonde oevu la Ihefu, na kulikuwa na makundi makubwa ya ng'ombe. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 eneo la pori la akiba la huko likaunganishwa na hifadhi. Wapo watafiti waliopinga hoja kwamba ng'ombe ndio waliokausha mto, wakasema maji yanayochepushwa kwenda mashambani ndiyo jambo kubwa zaidi.

Mwongoza watalii anayesema "Cattle caused the river to dry up" amechukua upande katika ugomvi mkubwa, pengine bila kujua. "Irrigation upstream reduced the flow" inaeleza jambo linaloweza kupimwa. "Grazing was blamed for the drying" inaeleza kilichosemwa, na hapo "blame" kinafanya kazi ambayo "cause" hakiwezi: kinatenganisha lawama na ukweli. Mgeni akitaka zaidi atauliza zaidi, na safari ya hifadhini ni ndefu vya kutosha.

Kwa vitenzi vya kumfanya mtu atende, shida kubwa ni kile kineno "to". "Make" na "let" havikitaki: "The police made him stop", "They let him go". "Force", "cause", "allow" na "get" vinakitaka: "forced him to stop", "got him to stop". Ila "make" kikiingia kwenye kutendwa kinakidai: "He was made to stop". "Prevent" kina njia yake, "prevented him from stopping". Tofauti ya maana ni kubwa kuliko ya sarufi. "Made" ni shuruti, "let" ni ruhusa, "got" ni kubembeleza mpaka mtu akakubali.

Na "have", ambacho kwenye madai ya bima kinagusa pesa moja kwa moja. Tunasema "nimetengeneza gari" hata kama kazi yote ilifanywa na fundi gereji huku sisi tumekaa kwenye benchi tunakunywa chai. Kiingereza hakisamehe hilo. "I repaired the lorry" maana yake ulishika spana wewe, na msomaji atashangaa risiti ya fundi inatoka wapi. Andika "I had the lorry repaired".

Mwisho kuna jambo la utaratibu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama nchini, kwa hiyo shauri likifika huko hulazimiki kujieleza kwa lugha inayokupiga chenga. Kama mtu mwingine anakuandikia maelezo kwa Kiingereza, mwombe akusomee kila sentensi kwa Kiswahili kabla hujatia saini. Akifika kwenye "caused", msimamishe umuulize: amesema nani kasababisha nini?