Somo la Afya: Chakula cha Mshipani

Kila aliyepata kumwuguza ndugu hospitalini hapa Dodoma ameyasikia maneno haya: "Sista, mgonjwa wetu hali kitu tangu jana. Mtundikieni maji apate nguvu." Watu wengi huamini kwamba ile chupa inayoning'inia juu ya kitanda ni chakula, tena ni bora kuliko uji. Katika somo hili tutaipima imani hiyo kwa hesabu, kisha tutaona kwa nini kumlisha mtu kwa njia ya mshipa ni kazi ya uangalifu mkubwa.

Kuna nini ndani ya chupa?

Dripu ya kawaida ya glukosi ina gramu 5 za sukari katika kila mililita 100. Basi lita moja ina gramu 50, nazo hutoa kalori 200 hivi. Mtu mzima huhitaji kalori zipatazo 2,000 kwa siku. Ili kuzipata kwa dripu hiyo peke yake, ingempasa kutiwa lita 10, hali damu yote ya mwili wake ni lita 5 hivi! Maji yangemuua kabla hajashiba. Lakini kalori 200 hizo hizo zimo katika gramu 60 za unga wa mtama, pamoja na protini ambayo dripu hiyo haina kabisa. Dripu ya chumvi nayo haina kalori hata moja. Kazi ya dripu hizi ni nyingine: kwa mfano, mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa maji huokolewa kwa dripu ya chumvi.

Chakula kamili cha mshipani

Hata hivyo, chakula kamili cha mshipani kipo. Mwaka 1967, huko Philadelphia, Marekani, daktari Stanley Dudrick na wenzake walimlisha hivyo mtoto mchanga ambaye utumbo wake haukufaa kazi, naye akakua. Chakula hicho huchanganya sukari nyingi, protini iliyokwisha kuvunjwa, mafuta, madini na vitamini. Kikiwa kikali huunguza mishipa midogo ya mkono. Kwa hiyo hupitishwa katika mpira mwembamba unaofika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Hupewa mtu ambaye utumbo wake hauwezi kutumika. Utumbo ukifanya kazi, chakula hupita humo, kwa kinywa au kwa mpira wa puani.

Hatari zake

Tumbo ni kama bawabu mlangoni. Ukila kilichooza, utatapika. Ukila kingi mno, utakikataa. Mshipa hauna bawabu. Kila kiingiacho humo huenda moja kwa moja kwenye moyo. Kwa sababu hii muuguzi hana budi kushika mambo haya:

1. Anawe mikono na kusafisha maungio ya mpira kila mara, maana sukari na mafuta ni chakula cha vijidudu pia.
2. Asome jina la mgonjwa, jina la dawa na tarehe ya mwisho. Mfuko unaovuja au uliobadilika rangi usitumiwe.
3. Asitie dawa nyingine ndani ya mfuko wa chakula bila idhini ya mfamasia.
4. Atoe hewa yote katika mpira, kisha apime mara kwa mara sukari ya damu, joto na pumzi za mgonjwa.
5. Aliyekaa na njaa siku nyingi aanze kwa kiasi kidogo. Akishibishwa ghafla, madini ya damu hushuka na moyo waweza kusimama.

Jambo la haraka

Kati ya 2009 na 2011, watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walichunguzwa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, mojawapo ikiwa Muheza, Tanga. Wenye kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo. Katika kila 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, 10 au 11 walikufa katika saa 48. Katika kila 100 wasiomiminiwa hivyo, walikufa 7. Waganga wengi walikuwa wakitumaini kinyume chake.

Basi tujifunze hesabu ya matone. Tuseme daktari ameagiza mililita 500 kwa saa 4, na mpira ni wa matone 20 kwa mililita. Matone ni 500 × 20 = 10,000. Dakika ni 4 × 60 = 240. Gawanya: matone 42 hivi kwa dakika. Ndugu wa mgonjwa asiguse kamwe kile kigurudumu cha kwenye mpira ili "maji yaishe upesi."

Katika nchi yetu hii ya mvua haba, watoto wengine hudhoofika kabla ya mavuno. Mtoto aliyekonda sana hatibiwi kwa dripu, isipokuwa damu yake imeshindwa kuzunguka. Hupewa maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Mama akiambiwa hivyo asidhani kwamba mwanawe amenyimwa dawa. Maziwa hayo ndiyo dawa.

Maswali

1. Nusu lita ya dripu ya glukosi iliyotajwa ina kalori ngapi?
2. Mililita 1,000 zatakiwa kwa saa 8 kwa mpira wa matone 20. Ni matone mangapi kwa dakika?
3. Shangazi yako anataka mgonjwa anayeweza kunywa uji "atundikiwe maji." Utamweleza nini?