Kuchagua Kompyuta ya Kuundwa kwa Agizo: Kazi Kwanza, Sehemu Baadaye

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha mwanachuo kuchagua kompyuta ya mezani kulingana na kazi, wala si kwa sifa za dukani. Fedha za shule hutoka mara moja. Kosa la uchaguzi hukaa miaka.

Hatua ya 1. Wanachuo waorodheshe kazi kabla ya kutaja sehemu yoyote: kupiga chapa mitihani, kutunza alama, kuhariri filamu za mafunzo.

Hatua ya 2. Kila kazi ilinganishwe na sehemu inayoibeba. Kupiga chapa na kutunza alama hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 8, bila kadi ya picha ya pekee. Kuhariri filamu hudai gigabaiti 16 au zaidi, pamoja na prosesa, yaani sehemu ifanyayo hesabu, yenye nguvu. Kwa kazi zote, diski isiyozunguka huiwasha kompyuta upesi kuliko ile izungukayo.

Hatua ya 3. Fedha iliyookolewa ielekezwe penye udhaifu. Umeme ukikatika ghafula, kazi isiyohifadhiwa hupotea. Hivyo betri ya akiba yaweza kufaa kuliko prosesa ya bei kubwa. Aidha, ubao mkuu uwe na nafasi ya kuongeza kumbukumbu baadaye.

Zoezi. Mwalimu agawe orodha mbili za sehemu zenye jumla moja ya bei: ya kompyuta ya ofisi na ya kompyuta ya michezo. Kila kundi litetee uchaguzi wake kwa kutaja kazi, si ukubwa wa tarakimu. Sehemu isiyotajiwa kazi haina budi kuondolewa.