Adui anayeimba sauti ya pili

*Mchungaji, kwaya yetu hapa Kamenge imegawanyika. Wenzangu wanasema dada mmoja anatumiwa na shetani, nisimsalimie. Nifanyeje? Msomaji, Bujumbura*

Mwanangu, naelewa unachoogopa: ukimsalimia, utaonekana umewasaliti wenzako. Lakini Paulo, katika Waefeso 6:12, amemwondoa binadamu kwenye orodha ya maadui. Ugomvi wa kwaya huanza na sare, mchango, au nani aongoze wimbo (nimeona kwaya ikivunjika kwa ajili ya kinanda). Mtu akishaitwa wa shetani, hakuna tena anayemuuliza lolote.

Kumbuka seminari ya Buta, kule Bururi. Tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliwaamuru waseminari wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale walikataa, na 40 waliuawa. Adui aliingia pale kwa amri hiyo ya kutengana.

Basi msalimie. Kisha mtafute, mkae wawili tu, umsikilize kabla ya kufungua Biblia. Mkishindwana, nendeni pamoja kwa wazee wa kanisa. Ila kukiwa na vitisho au kupigana, usingoje ibada ya Jumapili. Waambie wazee na polisi siku hiyohiyo.