Vitz ya Zamani na Namba ya KD

Barua ya wiki hii imetoka kwa dereva wa teksi za programu anayeishi Laini Saba, Kibera, mwenye Toyota Vitz ya mwaka 2011 isiyo na deni, ambaye yadi moja ya Ngong Road imemtaka aliache gari hilo kwa thamani ya shilingi 380,000, achukue jingine lenye namba ya KD kwa shilingi 950,000, na tofauti ailipe kwa awamu 24 za shilingi 35,000 kila mwezi.

Tofauti hiyo ni shilingi 570,000, lakini awamu zikijumlishwa hufika 840,000, kwa hiyo nyongeza ya mkopo peke yake ni 270,000. Na kwa kuwa dereva mwenzake, kwa maelezo ya barua yenyewe, aliuza gari la aina hiyo kwa 450,000, shilingi 70,000 nyingine humponyoka katika uthamini. Jumla, 340,000, inakaribia bei yote ambayo yadi inampa, ilhali bima ya gari zima, ambayo kwa kawaida mkopeshaji huidai mpaka deni liishe, haijahesabiwa.

Namba ya KD nayo isimpumbaze. Herufi hizo, zilizoanza kutolewa mwaka 2020, huonyesha gari lilisajiliwa Kenya lini, wala si lini liliundwa. Na kwa kuwa nchi huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lenye KDA laweza kuwa la 2013, yaani ni jipya kuliko lake kwa miaka 2 tu. Isitoshe, abiria wa daraja lile lile la teksi halipi nauli kubwa zaidi kwa sababu ya herufi za namba.

Hoja yake yenye uzito ni giaboksi inayogonga, ambayo fundi wa Grogan amekadiria itagharimu shilingi 90,000, kiasi kisichofika awamu 3. Inafaa aitengeneze, alibakize gari, na kile ambacho kingekuwa awamu akiweke akiba. Iwapo baadaye ataamua kubadilisha, na auze mwenyewe kwanza, ahakikishe uhamisho wa umiliki umekamilika katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwani gari likiondoka kabla ya hapo, makosa ya dereva mwingine yataendelea kuandikwa kwa jina lake.