Kijana wa kuasili akikuambia, "Wewe si mama yangu"

Mzazi aliyemlea mtoto wa kuasili tangu akiwa mchanga akitupiwa maneno hayo na kijana wa miaka 14, moyo humuuma. Hukosa usingizi, huumwa na kichwa, huwa mkali hata kwa watoto wengine. Mwishowe hujiuliza: je, ni damu ya huko alikotoka?

Mzazi, kabla hujaamua hivyo, tenganisha mambo mawili.

La kwanza ni ujana wenyewe. Kubishana, kujifungia chumbani na kuwasikiliza marafiki kuliko wazazi huonekana hata kwa vijana uliowazaa mwenyewe. Hapa panatakiwa upole pamoja na masharti yasiyobadilika.

La pili ni swali, "Mimi ni nani?" Kila kijana hujiuliza, lakini wa kuasili hukosa sehemu ya jibu. Mwanasaikolojia Erik Erikson (1902–1994) alifundisha kwamba kujitambua ndiyo kazi kubwa ya umri huu. Yeye mwenyewe alilelewa na baba wa kambo na kufichwa ukweli wa kuzaliwa kwake. Kijana anayeuliza habari za mama aliyemzaa hakukatai wewe. Anatafuta jibu lake.

Basi fanya hivi:

1. Mwambie ukweli wewe mwenyewe, mapema na kwa kiasi cha umri wake. Akiusikia kwa jirani, atashuku umemficha mengi zaidi.

2. Akikutukana, tulia kwanza. Baadaye mweleze kwamba kosa ni matusi, si asili yake. Usimtishe kamwe kwamba utamrudisha alikotoka.

3. Usimhesabie wema wako. "Bila mimi ungekuwa wapi?" ni deni asiloweza kulilipa.

4. Jitunze. Saidianeni na mwenzako, na zungumza na wazazi wengine walioasili. Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili, mwone daktari. Ushauri kuhusu watoto hupatikana pia kwa simu ya bure, nambari 116.

5. Kijana akitaja kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 humhesabu mtoto wa kuasili kuwa sawa na aliyezaliwa na wazazi hao. Kazi iliyobaki ni yako: kumfanya aamini hivyo hata siku ya ugomvi.