Kabla hujanunua shamba Masanze: dalali anakueleza

Mimi ni dalali, na wenzangu hawatapenda ninachokuambia: usinunue kwa neno la dalali peke yake. Kazi yangu ni kumkutanisha mwenye shamba na mwenye fedha. Shamba ni la nani, hilo la kuulizwa ni kijiji.

Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 na kusimama Kilosa, simu zimeongezeka. Mtu hajafika Masanze hata siku moja, swali lake la kwanza ni bei. Ningekuwa wewe, ningeuliza kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji iko wapi. Masanze ni kata ya vijijini wilayani Kilosa. Sehemu kubwa ya ardhi huku ni ya kijiji, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Mwambie mtendaji unataka kununua wapi na kwa nani. Muulize kama eneo hilo lina mgogoro, na omba kuona mpango wa matumizi bora ya ardhi, yaani makubaliano ya kijiji kuhusu wapi palimwe, wapi pajengwe na wapi ng'ombe walishwe. Kwa wilaya ya Kilosa hilo si jambo dogo. Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 kule Rudewa Mbuyuni.

Kama shamba liko karibu na lililokuwa la mkonge, uliza mara mbili. Shamba kutelekezwa hakumaanishi halina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ekari, maana hapa ndipo wageni wanapolia. Mtaani ekari ni "sabini kwa sabini". Wengi hawaulizi sabini za nini. Kipimo hicho kinakaribia ukweli kikiwa cha yadi, kwa sababu ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wa karibu mita 64 kila upande. Lakini dalali anapima kwa hatua. Hatua ya kawaida ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua sabini ni mita 52 na nusu tu. Zidisha: unapata mita za mraba 2,756. Umelipia ekari nzima, na karibu theluthi yake imebaki kwa muuzaji. Nimewaona wenzangu wafupi wakipewa kazi ya kupima kwa sababu hiyo hiyo. Njoo na futikamba yako, pimeni mbele ya majirani wa pande zote nne, na vipimo viandikwe kwa mita kwenye karatasi ya mauziano.

Nani asaini? Muuzaji na mwenzi wake, majirani, mwenyekiti wa kitongoji, na uongozi wa kijiji baada ya halmashauri kuridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata kwa kiwanja ridhaa hiyo ni muhimu; hilo nililijua kwa machungu. Kiwanja changu cha kwanza niliuziwa na baba mmoja mpole, chai tukanywa, mkono tukapeana. Wiki ya pili mke wake akarudi kutoka msibani, akakuta nimeshamwaga mchanga. Mchanga niliuondoa kwa toroli. Fedha nilirudishiwa nusu kwanza, iliyobaki ikaja kidogo kidogo kila baada ya mavuno.

Ardhi ya urithi ina lake. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyepewa mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, na huyo ndiye auze.

Gharama je? Kwa shamba, muuzaji ndiye hunilipa, mara nyingi asilimia 10, lakini ni mapatano. Jihadhari na "cha juu". Mwenye shamba ametaka milioni mbili, dalali anakutajia mbili na laki sita, tofauti inaingia mfukoni mwake. Dawa yake ni kukaa meza moja na muuzaji na kusikia bei kinywani mwake. Faida ya kuuza ardhi huweza kutozwa kodi, na anayedaiwa ni muuzaji, hivyo mkubaliane mapema asije akakurudishia mzigo. Fedha yoyote inayoitwa ya kijiji au ya serikali idai risiti.

Ukishamaliza, omba hati ya hakimiliki ya kimila, karatasi inayothibitisha kwamba ardhi ya kijiji unaimiliki wewe. Na kabla ya yote hayo, njoo ulione shamba mwezi wa Aprili, masika ikiwa imekolea, uone maji yanafika wapi. Mwishoni mwa 2009 mto Mkondoa ulifurika ukabomoa nyumba na reli hapa Kilosa, na wengi walioathirika walikuwa wamelala wakiamini wako pakavu.

Dalali akikuambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu, mwache mteja huyo anunue. Wewe subiri Jumatatu, ofisi ya mtendaji ifunguliwe.